Sahani Yangu Baada ya Saratani

*Maneno haya yalisemwa na mama mmoja wa jumuiya yetu, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini, mbele ya wageni wapya waliokusanyika jijini Louisville, Kentucky. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, kwa idhini yake. Jina lake hatukuliweka, kwa ombi lake mwenyewe.*

 

Nimeombwa niseme juu ya kula vizuri baada ya kuugua saratani. Mimi si daktari wala muuguzi. Mimi ni mpishi wa nyumba yangu, mama wa watoto watano. Ni mtu aliyekatwa titi la kushoto, akawekewa dawa za dripu mara nane, akapigwa mionzi, na huu ni mwaka wa tatu anameza kidonge kila asubuhi. Nitakayosema juu ya mwili wangu nayajua kwa sababu yamenipata. Nitakayosema juu ya vyakula na dawa nimeyapata kwa madaktari na kwa mtaalamu wa lishe, na nimewauliza mara mbili mbili kabla sijasimama hapa.

Kabla ya yote, niseme jambo moja. Chakula hakikuniponya saratani. Niliponywa na upasuaji, dripu na mionzi, na Mungu aliyenijalia kufika mahali ambapo mambo hayo yapo. Na chakula sicho kilichoniletea ugonjwa. Nilikaa usiku mwingi nikijiuliza, nilikula nini mimi? Nilimkosea nani? Daktari aliniambia, "Mama, usijihukumu. Wako watu waliokula vizuri maisha yao yote wakaugua, na wako waliokula ovyo wasiugue." Basi nawe ukiwa mgonjwa, au ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimtafutie kosa kwenye chungu chake.

Kazi ya chakula ni nyingine. Wakati wa matibabu, kinakupa nguvu ya kuvumilia dawa. Baada ya matibabu, kinasaidia mwili usipate magonjwa mengine kama kisukari na ya moyo, na kinapunguza baadhi ya mambo yanayoipa saratani nafasi. Kupunguza ni kupunguza, si kuzuia kabisa. Kwa hiyo hata ukila vizuri namna gani, miadi ya daktari usiikose.

Kosa langu la kwanza: niliacha kula

Habari za ugonjwa wangu zilipoenea, watu walikuja. Mnajua sisi, mgonjwa haachwi peke yake. Kila aliyekuja alikuja na mfuko na ushauri. Dada mmoja, kwa upendo kabisa, akaniambia, "Sukari ndiyo chakula cha saratani. Ukila ugali unailisha, ukila ndizi unailisha, hata embe unailisha. Ifungie njaa, itakufa." Akanionyesha video kwenye simu. Mwingine akasema ninywe juisi ya majani tu, siku arobaini.

Mimi nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anashika kila kamba. Niliacha ugali. Niliacha wali, viazi, ndizi na matunda. Nikabaki na majani na maji ya majani. Dripu ya tatu ilipofika, mdomo wangu ulikuwa na vidonda, kila kitu kina ladha ya chuma, nguo zinaanguka. Nilikuwa nimepoteza kilo saba kwa muda usiofika miezi miwili.

Hospitalini walipouliza, "Mama anakula?" aliyenitafsiria alikuwa mtoto wangu wa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemwambia ajibu, "Ndiyo, anakula vizuri." Akajibu hivyo. Mtoto ana haki gani ya kubishana na mama yake mbele ya daktari? Lakini mizani haikudanganya. Muuguzi alimtoa mtoto nje kwa upole, akamleta mkalimani wa Kiswahili kwa simu, akauliza tena. Hapo nikasema kweli, nikalia. Dripu iliyofuata iliahirishwa wiki mbili kwa sababu mwili wangu haukuwa na nguvu ya kuipokea.

Ndugu zangu, hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Sema tu, "Swahili interpreter." Usimpe mwanao mzigo huo. Yako mambo mama hawezi kuyasema kupitia mdomo wa mtoto, na yako mambo mtoto hapaswi kuyasikia kwanza.

Daktari alinieleza habari ya sukari hivi: kila chembe ya mwili hutumia sukari, iliyo nzima na iliyo mgonjwa. Usipokula ugali, mwili wenyewe utatengeneza sukari kutoka katika vitu vingine, hata kwa kula misuli yako. Kwa hiyo huwezi kuifungia saratani njaa peke yake. Utakayemfungia ni wewe. Soda na vitu vitamu vingi vina ubaya wake, nitaufikia, lakini embe moja na ugali wa kiasi havikuwa adui zangu.

Tangu siku ile nilikula hivi. Sahani ndogo mara tano au sita kwa siku, badala ya kubwa mbili. Uji wa unga wenye soya na karanga iliyosagwa laini. Maziwa. Mayai yaliyoiva kabisa. Dagaa niliowakaanga bila mafuta mengi, nikawasaga, nikawatia kwenye mboga. Supu ya samaki. Kwa ladha ya chuma, nilitumia kijiko cha plastiki na kubana limau kidogo kwenye chakula, ila si siku za vidonda, maana limau linauma. Kwa vidonda nilisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na nikala vitu laini vilivyopoa.

Na usafi. Dawa za dripu hupunguza kinga ya damu, na uchafu mdogo ambao zamani tumbo lingeuvumilia unaweza kukulaza hospitalini. Nilinawa kwa sabuni kabla ya kupika na kula. Sikula nyama wala yai lisiloiva. Chakula kilichobaki hakikukaa mezani zaidi ya saa mbili, kilienda friji. Na nilikuwa na sahani yangu mwenyewe. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, maana nyumbani kwetu tunakula pamoja, mikono yote kwenye sinia moja. Watoto walidhani nimewatenga. Niliwaeleza, wakaelewa, na tulikaa meza moja.

Neno juu ya soya, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi. Wengine wanasema mwenye saratani ya matiti asiguse soya. Madaktari wanaofuatilia jambo hili wanasema soya ya chakula, kwa kiasi cha kawaida, haina madhara kwetu. Ule unga wa mahindi na soya tuliopewa kambini, ambao ulilea watoto wetu, usiuogope. Vidonge vya soya ndivyo usivinunue bila kumuuliza daktari.

Kosa langu la pili: niliogopa wembamba

Matibabu yakaisha. Nywele zikaota. Nikasema, sasa nitakula.

Ninyi mliotoka Nyarugusu mnajua. Kule mtu akikonda, watu wananong'ona. Kukonda ni njaa, au ni ugonjwa wa aibu, au ni mawazo. Kunenepa ni amani. Tena tulipanga mistari ya mgao, na mgao ulipopunguzwa, tulijua maana ya kupika sufuria moja kwa siku na kuwaambia watoto walale mapema wasisikie njaa. Halafu unafika nchi ambayo soda ni rahisi kuliko maziwa, kuku wa kukaanga yuko kila kona, na mkate mweupe unapewa bure kwenye ghala la msaada, mifuko mitatu kwa mara moja. Nani atakataa?

Wageni wakaja tena. "Kula mama, urudishe mwili." Nilikula. Kwa mwaka mmoja niliongeza kilo kumi na saba. Kanisani wakanisifu: "Umependeza! Umepona kweli!" Nilifurahi, kwa sababu kila kilo niliihesabu kuwa ushahidi kwamba sifi.

Kisha daktari akaniita. Sukari ya damu ilikuwa inapanda, karibu na kisukari. Akanieleza pia kitu ambacho sikuwa nimekisikia: mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya kike inayoitwa estrojeni, na saratani yangu ilikuwa ya aina inayopenda homoni hiyo. Kile kidonge cha kila asubuhi kinapigana na homoni ileile. Yaani kwa mkono mmoja nilikuwa nameza dawa, na kwa mkono mwingine nilikuwa namwongezea adui chakula.

Nilikasirika. Mtu aliyelala njaa na watoto wake, unamwambiaje apunguze kula? Nilihisi kama mgao unakatwa tena. Nawaambia hili ili mjue, mkisikia hasira hiyo, hamko peke yenu.

Nikapewa karatasi ya chakula bora. Ilikuwa na picha nzuri: samaki wa rangi ya waridi, maua ya kijani, nafaka ndogo ambazo sikujua hata majina yake. Sikuwahi kuvila, na bei yake niliiona dukani nikarudi nyumbani. Karatasi ikaingia kwenye droo, ikakaa humo miezi minne.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa lishe wa kliniki yetu, siku alipoacha karatasi na kuuliza, "Nyumbani kwenu, kabla ya vita, mlikuwa mnakula nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamhesabia kupitia mkalimani: sombe, lengalenga, matembele, maharage, kunde, dagaa na mikebuka wa ziwa, viazi vitamu, mihogo, ugali wa mahindi ya kusaga, nyama siku ya sherehe, mapapai na maembe ya msimu. Na kutembea: shambani, mtoni, sokoni. Akaandika yote, akageuza daftari lake kunionyesha, akasema, "Mama, hiki ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi yangu, ila kwa majina mengine."

Wamama zangu, nilicheka. Nilikuwa nimekiacha chakula chetu nikidhani ni cha umaskini.

Chakula chetu, kwa kipimo

Sasa napanga sahani yangu hivi. Nusu ni mboga za majani na matunda. Robo ni ugali, wali, viazi au ndizi. Robo iliyobaki ni maharage, samaki, kuku au mayai. Zamani nilipanga kinyume: mlima wa ugali, na sombe pembeni kama pambo. Ugali sijauacha. Sasa tonge langu lote linaenea kwenye ngumi yangu moja, na mboga nimeziongeza mpaka nashiba.

Maharage ni ya kwanza kwangu. Yana protini, yana nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kuzuia sukari isipande ghafla, na ni bei nafuu. Ya mkebe yanafaa pia, lakini yamwage kwenye chujio uyasuuze kwa maji. Sehemu ya chumvi itaondoka.

Unga nao una siri yake. Ule usiokobolewa, Watanzania wanauita dona, una ganda na kiini cha punje. Hapa mifuko mingi ya unga wa mahindi imeandikwa neno 'degerminated', maana yake kiini kimetolewa. Tafuta penye maneno 'whole grain'. Kwa mkate na mchele ni hivyo hivyo. Kama watoto wanakataa, changanya nusu kwa nusu, taratibu.

Sombe tunaipata imegandishwa kwenye maduka ya Kiafrika. Ichemshe vizuri kama ulivyofundishwa na mama yako. Mawese tumia, lakini kijiko, si kikombe: karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina isiyofaa kwa moyo ikizidi, na sisi ambao baadhi ya dawa zetu zinaweza kugusa moyo tunapaswa kuutunza. Na dagaa, kula na mifupa yao. Baadhi ya dawa za saratani ya matiti hudhoofisha mifupa, na ndani ya mifupa ile midogo mna kalsiamu. Kama wamekaushwa kwa chumvi, waloweke kwanza, umwage maji.

Na kutembea. Wanaotuongoza hapa Marekani wanasema mtu aliyemaliza matibabu ajitahidi kufikisha dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujongeza mwili. Ukitembea nusu saa kwa siku tano umeshafika 150. Mimi nilianza na dakika kumi, hadi kituo cha basi na kurudi. Wakati wa theluji natembea ndani ya jengo kubwa la maduka, bila pochi, nisishawishike.

Vitu vya kupunguza na vya kuacha

Cha kwanza, nyama za kiwandani: soseji, hotidogi, bekoni, zile nyama za vipande vyembamba za kuwekea mkate. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Haina maana kwamba hotidogi moja ni sumu. Ina maana isiwe chakula cha kila siku cha mtoto wa shule, kama ilivyokuwa kwangu kwa kuwa ni rahisi na wanaipenda. Nyama nyekundu, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, inatakiwa isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imepikwa. Hiyo ni kama milo mitatu ya kiasi.

Cha pili, soda na juisi za sukari. Mkebe mmoja wa kawaida wa soda, mililita 355, una sukari karibu gramu 39. Hivyo ni kama vijiko kumi vya chai. Hakuna kati yetu ambaye angetia vijiko kumi kwenye kikombe kimoja akanywa bila watu kumshangaa. Nyumbani kwangu soda imebaki ya sikukuu. Siku nyingine ni maji, au maji yenye kipande cha limau na tangawizi.

Cha tatu, pombe. Wababa, msiangalie chini. Pombe husababisha saratani ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo na matiti, iwe ya chupa ya bei kubwa au ya kienyeji. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Mwenye historia kama yangu aiache.

Cha nne kitawashangaza: chai ya moto sana. Kinachohofiwa si chai, ni moto. Vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 vinashukiwa kuleta saratani ya umio, na huko kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huo ni mwingi. Mimina chai, ongea na mwenzako dakika chache, kisha unywe.

Cha tano, ukungu. Tunaletewa unga, mahindi na karanga kutoka nyumbani ndani ya masanduku, na tunavipokea kwa machozi ya furaha. Lakini karanga zilizoota ukungu, zilizosinyaa au chungu, zitupe. Ukungu ule hutoa sumu inayoharibu ini na kuleta saratani ya ini, na kupika hakuiondoi yote. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Anayekupenda hakutumi karanga ili uugue. Zitupe bila kujilaumu.

Poda, vidonge na majani ya dawa

Hapa naomba mnisikilize sana. Nikiwa bado kwenye dripu nilinunua kwa siri poda ya majani. Muuzaji alisema inasafisha damu na kumaliza saratani. Dola sitini kwa kopo, nilinunua mawili, pesa ya umeme. Vipimo vya ini vikaja vibaya. Daktari akauliza unameza nini kingine, nami, safari hii nikiwa na mkalimani, nikalitoa kopo kwenye mkoba nikaliweka mezani. Hakunigombeza. Aliniambia majani ya dawa yanaweza kuongeza nguvu ya dawa za hospitali mpaka zikadhuru, au kuzipunguza mpaka zisifanye kazi, na kwamba bila kujua kilichomo kwenye kopo hawezi kunilinda. Niliacha, na ini likarudi sawa.

Siwadharau waganga wetu wala mizizi ya bibi zetu. Nasema tu, usifiche. Chochote unachomeza, chukua kopo au jani lenyewe, nenda nalo kliniki. Hata tunda linaweza kuwa na neno: balungi huvuruga kazi ya dawa nyingi, kwa hiyo uliza kama linaafikiana na zako.

Na vitamini za vidonge? Mtaalamu wetu alinisimulia utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya elfu ishirini na tisa walifuatiliwa. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi yake, na mawese yetu pia. Watafiti walitumaini itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yakawa kinyume: waliomeza vidonge hivyo waliugua zaidi. Karoti haina kosa, kula karoti. Lakini kitu chema kilichomo kwenye chakula, ukikitoa ukakibana kwenye kidonge kwa wingi, si lazima kibaki chema. Vidonge meza vile tu daktari aliona umepungukiwa.

Pesa haitoshi, tufanyeje?

Najua mnachowaza: mboga ni ghali. Mbichi ni kweli ni ghali, hasa wakati wa baridi. Nunueni zilizogandishwa, zinagandishwa mara baada ya kuvunwa na ubora wake ni uleule. Kwenye ghala la msaada, mkipewa nafasi ya kuchagua, anzeni na maharage, samaki wa mkebe, shayiri na mboga, kisha ndipo mikate.

Wenye kadi ya SNAP, wengi hamjui kwamba kadi hiyo hununua pia mbegu na miche ya vyakula. Mimi nililima lengalenga na maboga kwenye kipande kidogo cha bustani ya jumuiya. Nilikula majani yake mpaka Oktoba, na nilitembea na kuinama kuliko ningefanya kwenye mashine yoyote ya mazoezi. Masoko mengi ya wakulima hupokea kadi hiyo, na mengine hukuongezea thamani ukinunua mboga na matunda. Sheria za nani anastahili hubadilika, kwa hiyo muulizeni mhudumu wenu wa ofisi kila mara.

Mnaofanya kazi za usiku, pikeni kabla ya kwenda. Saa nane za usiku, mashine ya vitafunio pale kazini haina rafiki. Kopo la maharage na wali wa nyumbani, na chungwa moja, vitakuokolea dola na mwili.

Kwa mnaokwenda kumwona mgonjwa

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nawaomba tuitimize methali hiyo kweli. Mimi ninyi mlinibeba. Kuna siku nisingeamka kitandani kama si jirani yangu kuingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Lakini ushauri wenu mwingine uliniumiza, na hamkukusudia.

Basi mkienda kumwona mgonjwa, msimwambie "umekonda" wala "umenenepa". Anajua, ana mizani. Msimpelekee kreti ya soda. Muulizeni, "Leo unaweza kula nini?" na mpike hicho, hata kikiwa kijiko cha uji. Kama mna video ya dawa kwenye simu, pelekeni kwa muuguzi kwanza. Na mkimaliza kula, osheni vyombo, mtoke naye nje mtembee hata nyumba tatu.

Nimalizie kwa wenye afya. Hapa Marekani mwanamke kuanzia miaka 40 hadi 74 anashauriwa apigwe picha ya matiti kila miaka miwili. Na mwanamume na mwanamke kuanzia miaka 45 wapimwe utumbo mpana. Mimi nilikuwa na uvimbe miezi saba nikiuficha chini ya kanga, nikiomba uondoke. Ningeenda mapema, pengine zisingekuwa dripu nane. Msifanye kama mimi.

Jumapili iliyopita tulipika nyumbani: sombe, maharage, mikebuka, ugali wa dona. Mwanangu yule mkalimani mdogo sasa ni kijana mrefu. Aliangalia sahani yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Mama, umekula vizuri?" Nikamjibu ndiyo. Safari hii ilikuwa kweli.

 Mwenye swali asione haya. Nami kama sijui jibu, tutakwenda pamoja kumuuliza anayejua.